Kadi ya Chanjo

Jumamosi, uwanja wa chifu, Kangemi,
matope ya mvua ya jana.
Kazi yangu ni kalamu: jina la mnyama, rangi,
jina la mwenyewe, nambari ya simu.
Sindano ni ya Daktari Kerubo.
Mimi siumi wala siumwi.

Foleni ilianza kabla jua halijatoboa.
Mbwa tele, na hakuna kamba mbili zilizofanana:
huyu kafungwa kwa katani, huyu kwa tai ya shule,
yule kwa mshipi wa baba ambaye, naambiwa,
amebaki nyumbani akishikilia suruali.
Paka yumo katika kiondo cha nyanyake Mwende
na kiondo kinatembea chenyewe.

"Jina?"
Bosi. Popi. Popi mwingine.
Chapati, mweupe mwenye madoa ya kuungua.
Mbuzi.
"Lakini huyu ni mbwa," nasema.
"Najua," anajibu Shiundu,
"ila alipokuja alikuwa mdogo sana,
hatukujua atakuwa nini."

Kipaza sauti kimemfia daktari, sasa anatumia koo:
Mfupa wa kuku huvunjika kama kioo, msimpe.
Maji yakae kivulini, yabadilishwe hata kama hayajaisha,
au wewe hunywa maji yaliyolala na nzi?
Kupe ang'olewe na kichwa chake, asichomwe kwa sigara.
Mnyororo si mkufu, mfungulie akimbie.
Akikuuma, sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano,
kisha hospitali. Hospitali, nimesema, si kwa jirani!
"Ndiyooo," wanaitikia watoto,
na mbwa nao wanaitikia kwao.

Ndipo anafika Emuria, miaka tisa hivi,
kamba hana. Mbwa anamfuata tu,
sikio moja limeliwa, mbavu zinahesabika.
"Jina la mbwa?"
"Zamu."
"Mbona Zamu?"
"Leo anakula kwetu. Jana alikula kwa Mama Atsango.
Kesho ni kwa fundi viatu. Jumatatu ni chumba cha mwisho,
lakini hao humpa ugali mtupu."
"Na mwenyewe ni nani?"
Anamtazama mbwa. Mbwa anamtazama yeye.
"Ploti."

Kadi ina mstari mmoja wa mwenyewe,
mfupi kama kidole.

Sisi, kule Kariobangi, mbwa wetu alikuwa na mwenyewe.
Alikuwa na mnyororo uliomla shingo
mpaka manyoya yakakataa kuota,
na jina lake lilikuwa Wewe.
Wewe, nyamaza. Wewe, toka hapo.
Alikufa juma la Pasaka, povu mdomoni.
Tukasema sumu, tukasema jirani,
tukanuniana na jirani miaka miwili.
Sindano ilikuwa bure, nyuma tu ya soko.
Hakuna aliyemfungua ampeleke.

Naandika: Ploti, milango kumi na minne.
Herufi zinapanda ukingoni mwa kadi.
Simu? Anataja ya fundi viatu,
"ndiye huwa na chaji."
Zamu hakulia sindano ilipoingia.
Aliyelia ni Emuria, kidogo, akasema ni vumbi,
nasi tumesimama topeni hadi vifundoni.
"Kadi ataiweka nani?" nauliza.
Ananiangalia kama mtu aliyeuliza jua hutoka wapi.

Nataka kumwambia jambo, sijui lipi,
lakini kelele zimezuka: kiondo kimefunguka.
Naandika kwa mkono unaotetemeka kwa kicheko:
paka, mweusi, hajachanjwa, yuko paani kwa chifu.
Mwende amesimama chini na omena kiganjani, anaita polepole,
na sisi sote, daktari, askari, Popi wote wawili,
tumenyamaza,
tunangoja ajiamulie.